Seli Nilizosema Zimechomwa

Wazazi wenzangu, nasema wenzangu ingawa mimi sijazaa, mtaniwia radhi. Wakubwa shikamooni. Wa rika langu, poleni na mlima, maana mwenyewe nimepumzika mara tatu njiani. Nashukuru mwenyekiti wa mkutano huu wa usharika kwa kunipa nafasi. Mimi si mwongeaji. Siku nzima nakaa na chupa, na chupa hazijibu, kwa hiyo mkiona nimepotea njia, mtu akohoe, nitaelewa.

Wengi hamnijui. Mimi ndiye yule mama wa Soweto, hapo chini Moshi mjini, mwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyozibwa madirisha, ile ambayo jenereta yake inawasumbua majirani. Humo ndani ni maabara. Nachukua kipande kidogo cha saratani ya mtoto, nakilea kwenye chupa, halafu nakijaribia dawa moja baada ya nyingine nione ipi inakiua. Sina panya, sina sungura, sina mnyama wa aina yoyote. Sina bosi pia. Na kwa miaka mingi sikuwa na mtu wa kunywa naye chai, hilo nitalifikia.

Baba yangu alitoka Singida kuja kukata miwa huko chini tambarare. Nimezaliwa kwenye nyumba za kampuni, zile za mstari, ambapo jirani wa kulia ni Mhehe na wa kushoto ni Muha. Kichagga nakisikia, ila kukiongea naona aibu. Nawaambia hili mapema kwa sababu kosa langu lilianzia hapo. Nimeishi chini ya mlima huu maisha yangu yote na bado kuna mambo ya watu wa mlimani sikuwa nayajua, wala sikuwahi kuuliza.

Nilisoma, nikapata kazi kwenye taasisi kubwa ya utafiti, mji mwingine. Kazi yangu ilikuwa panya. Unampandikizia uvimbe, unampa dawa, unamwangalia, mwisho unamuua na kumpasua uone kilichotokea. Nilikuwa hodari, ndugu zangu, sitawadanganya. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Lakini panya wetu walipona mara nyingi, na kila nilipopita wodi ya watoto sikuona watoto wakipona vile. Nikaanza kujiuliza, hivi ninachokijua mimi ni saratani ya mtoto, au ni saratani ya panya? Siku moja nikashindwa kunyanyua mkono. Panya ananitazama, mimi namtazama. Nikavua glovu, nikatoka.

Nyama nakula, msinitazame hivyo. Jana nimekula mbuzi. Ninachokataa ni kumtesa kiumbe ili anipe jibu ambalo si jibu.

Basi nikarudi Moshi kuanzisha ya kwangu. Wenzangu walicheka. Mmoja aliniuliza, "Dawa utazijaribia kwenye nini, mahindi?" Walikuja watu waliotaka kunisaidia, kwa sharti nifuge panya. Wakaja wengine waliotaka kila nitakachokipata kiwe chao na kifungiwe kabatini kwao. Wote niliwaambia hapana. Hata chakula cha seli nilibadilisha, maana mahali pengi seli hulishwa maji ya damu ya ndama aliyetolewa tumboni kwa mama yake. Mimi natumia damu ya watu, ile iliyochangwa hospitali ikapita muda wake na ingemwagwa. Naichuja, naiandaa, nazilisha. Nilijiona nina akili kweli.

Lakini nilikuwa peke yangu. Seli hazina sikukuu. Ukilisha Jumatatu, Jumatano zinataka tena, Ijumaa zinataka tena. Mnajua Desemba inavyokuwa hapa, magari yanapanda mlima usiku na mchana, kila mtu anarudi kwao, mji wote unanuka nyama choma. Mimi Krismasi nilikuwa ndani na koti jeupe, nasikia jirani wanaimba. Nilitamani mtu agonge mlango hata kwa bahati mbaya. Nikazoea kuziongelesha chupa. Nilikuwa mpweke, jamani, nikajiambia huo ndio ukubwa wa kazi.

Na seli zenyewe zilikuwa zinakufa. Hospitali wananipa kipande, mzazi amesaini, nakileta kwa haraka, nakilaza, wiki ya pili kimekufa. Kingine, kimekufa. Mtu akiniuliza, "Maabara yako imepata nini?" nabadilisha mazungumzo.

Ndipo akaja mtoto mmoja wa huku juu. Msichana, miaka sita, saratani ya figo, uvimbe mkubwa kiasi cha kushindikana kufanyiwa upasuaji. Madaktari walichukua kipande kwa sindano ili waupime, na kilichosalia, hakizidi punje ya mchele, wakamwuliza mama yake kama naweza kupewa. Nikakaa na yule mama kitandani kwa mtoto, nikamweleza utafiti wangu vizuri tu. Alisaini. Ila kuna jambo sikumwambia. Sikumwambia kwamba seli zikikubali kukua kwenye chupa, zinaweza kuendelea kuishi hata mtoto akiwa ameondoka. Mtoto yuko pale anachora kwenye boksi la dawa, ningemwambiaje? Nikajifanya nimesahau.

Mtoto alifariki. Nikaja mazikoni, huku huku kwenu, kihambani, kwenye shamba la ukoo la babu yake, kaburi kati ya migomba. Mlinipokea vizuri, mkanipa chakula. Halafu bibi wa yule mtoto akasimama kushukuru watu. Akasema, "Nimemrudisha nyumbani mzima. Hakuna kilichobaki njiani." Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia amina. Sahani iko mkononi, na ile punje iko Soweto kwenye joto, inakunywa.

Mngekuwa nyie mngefanya nini? Nilimeza wali, nikaaga, nikarudi nyumbani.

Baada ya miezi mitatu seli zikakubali. Nilifungua kabati la joto asubuhi nikakuta chini ya hadubini vibonge vya seli vimejaa, vizima, vinang'aa. Miaka yote ile nilikuwa nasubiri picha ile. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Halafu, kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia, nikampigia simu mama wa mtoto. Fikirieni akili yangu ilivyokuwa imeharibika kwa kukaa na chupa. Nikamwambia kwa furaha, "Mama, zile seli zimekubali, ziko hai." Akasema, "Hai?" na simu ikakatika.

Siku ya tatu mlango ukagongwa. Nafungua, ni bibi. Ameshuka kwa miguu mpaka barabarani, ameuliza watu mpaka amenipata. Amebeba kapu, na ndani ya kapu kuna shuka jeupe limekunjwa.

Nikasema, "Shikamoo bibi. Karibu ndani."

"Marahaba. Sikai, mwanangu. Nimekuja kumchukua. Mkwe wangu, mama yake, ameniambia kuna kilichobaki kwako. Nipe tu, niende nikakilaze na mwenyewe kaburini."

Hakuwa na ukali hata kidogo. Angekuja na ukali ningejitetea. Nikamwangalia yeye, nikageuka nikaona chupa tatu za zile seli nyuma yangu, nikaona miaka yangu yote inaingia kwenye kapu. Mdomo wangu ukasema, "Bibi, pole sana. Zilikufa zote."

"Zilikufa lini?"

"Juzi."

"Basi nipe zilizokufa."

Uongo ukishaanza hauna breki. Nikamwambia hazipo. Akauliza zimepelekwa wapi. Nikasema, "Tunazichoma, bibi. Ndiyo sheria ya maabara."

Alikaa pale pale kwenye ngazi, yeye aliyesema hakai. Akauliza, "Pamoja na takataka?" Nikaurudisha mlango kidogo, asione ndani. Akauliza, "Jivu lake mlimwaga wapi?" Nikasema sijui. Akainuka, akalikunja lile shuka upya ingawa lilikuwa limekunjwa, akanishukuru. Alinishukuru, ndugu zangu. Akaondoka na kapu tupu.

Nawaambieni, tangu siku ile sikuweza kufanya kazi. Nilizilisha tu, kama mtu anayelisha mbwa wa jirani, bila kuzitazama. Dawa zilikuwa zimepangwa mezani tayari kwa majaribio, hata moja sikuigusa. Roho ilikuwa inanisuta mpaka chakula nakiona kichungu. Niliacha kwenda kanisani kwa sababu ya ile amina. Na vituko ni kwamba seli zenyewe zilikuwa zinastawi kuliko wakati wowote. Nilianza kuzichukia. Ikafika Desemba, watu wakapanda kwao, mji ukabaki mtupu, nikabaki na kitu pekee nilichowahi kukitaka maishani, na nikashindwa hata kukifungulia kabati bila kulia.

Mama wa mtoto akanipigia simu. Sijui alijikaza vipi. Akasema, "Dada, nakuomba uje uongee na bibi. Hali chakula. Anakaa kaburini kutwa nzima anamwomba mtoto msamaha. Anasema alitangaza mbele ya watu amemrudisha mzima, kumbe kipande chake kimechomwa na uchafu. Anasema yeye ndiye alimdanganya." Simu iliponiponyoka nilikuwa nimekaa sakafuni.

Ona sasa. Kikongwe wa watu anabeba uongo wangu juu ya mgongo wake, anaufanya dhambi yake. Na nikienda kusema ukweli, atashuka na lile kapu, na safari hii nitampa, na maabara yangu itakuwa imekufa. Nilikaa pale sakafuni nikitafuta njia ya tatu. Haikuwepo.

Nilitoka nje nikamwambia jirani yangu, mama mmoja wa Rombo anauza ndizi mlangoni kwake. Miaka yote tulikuwa tunasalimiana tu. Nikamwambia kila kitu, tumesimama juani. Alinisikiliza anachambua ndizi, akasema, "Umefanya vibaya sana." Halafu akasema, "Peleka isale. Ukimpelekea mtu jani la isale hawezi kukufukuza, lazima akusikilize. Huo ndio msamaha wetu."

Nikapanda gari, nikapanda mlima. Isale nilikuwa nazijua kwa macho, ile mimea ya majani marefu mnayopanda kwenye mipaka. Nilipokaribia kwa bibi nikaona zimepangwa vizuri pembeni ya njia. Nikachagua changa moja, na kwa kuwa kosa langu lilikuwa kubwa niliona jani moja ni dharau. Nikaing'oa nzima, na mizizi yake.

Naona mmeshaanza kucheka. Chekeni tu.

Nikamkuta bibi kwenye migomba. Nikapiga magoti, nikaunyoosha ule mmea kwa mikono miwili, udongo unanidondokea kwenye sketi. Hakunitazama usoni. Aliutazama mmea. Akauliza, "Umeutoa wapi?"

"Pale njiani, bibi."

"Pale njiani ndipo unapopita mpaka wangu na shemeji yangu. Umeng'oa mpaka wangu?"

Jamani, nilitaka ardhi inimeze. Nilikuja kuomba msamaha wa kosa moja nikiwa nimeshika la pili mkononi. Akachukua jembe, akanipa. "Rudisha kwanza," akasema. Tukaenda wote mpaka pale njiani, nikachimba, nikaupanda, yeye amesimama ananielekeza, "Sogeza huku. Hapana, hapo umempa shemeji shamba langu." Nilipomaliza akauvunja ule mmea jani moja, moja tu, akanipa. "Sasa sema ulilokuja nalo."

Nikasema nikiwa nimeshika jani lake mwenyewe. Nikasema, "Bibi, nilikudanganya. Hazikuchomwa. Hazikufa. Zipo mpaka leo, na siku ile ulipokuja zilikuwa nyuma yangu. Niliogopa utazichukua. Wewe hukumdanganya mtoto, ni mimi."

Alilishika lile jembe, na sikujua kama atalia au atanipiga nalo. Mwisho akalipokea lile jani. Akasema, "Kesho nakuja na kapu."

Usingizi sikupata. Asubuhi nilizipanga chupa tatu mezani, nikazifuta vizuri kwa nje. Niliziaga. Akaja na mkwe wake, na kapu, na lile shuka. Nikasema kabla hajachukua, aone kwanza. Nikamwekea kiti, nikamrekebishia hadubini, alihangaika kidogo na miwani, halafu akatulia. Alitazama muda mrefu.

"Hiki ni nini chake?" akauliza. "Moyo? Nyama?"

"Ni ule ugonjwa wenyewe, bibi. Ule uvimbe."

Akaondoa jicho. "Si yeye?"

"Umetoka kwake. Lakini ni kile kilichomuua."

"Na bado ni kizima."

"Ndiyo."

"Yeye amekufa, hiki kizima." Hapo sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Unakilisha nini?"

Ningeweza kusema chakula maalumu. Nikasema, "Damu ya watu. Ile iliyochangwa hospitali."

Mkwe wake akashika kichwa. Bibi akaniuliza, "Kwa nini unakilisha kitu kilichomuua mjukuu wangu?"

Nikamjibu, "Ili nikijue. Kikiwa hai naweza kukijaribia dawa, nijue kinaogopa nini. Hiki nacho kikifa, hakuna tena wa kunifundisha. Wanyama sitaki kuwatumia, kwa sababu walinidanganya, nami nikawatesa bure. Hiki kimetoka kwa mtoto, na kinasema ukweli wa mtoto. Lakini ni chenu, bibi. Ukikiweka kwenye kapu sitasema neno."

Alilikunjua lile shuka. Mimi nikageuka, nikatazama ukuta. Nikasikia anakohoa, nikasikia kiti. Kisha akasema kwa Kichagga maneno ambayo niliyaelewa kabla mkwe wake hajanitafsiria. Alisema, "Hiki hakilali na mtoto wangu. Alilala nacho mwaka mzima, kikamnyima usingizi. Kaburini hakifiki."

Akalikunja shuka. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole ili nisikie vizuri, "Kaa nacho. Kitafutie kitakachokiua. Na ukikipata uje uniambie mimi kabla ya wakubwa wako."

Nikamwambia sina wakubwa. Akasema, "Sasa unaye."

Niwaambie ukweli, maana nimejifunza: dawa sijaipata. Ile niliyoitegemea zaidi iliviacha vile vibonge vinanitazama tu. Nikapanda mlima kumwambia bibi, naona aibu. Alinipa ndizi za kuchoma, akasema, "Jaribu nyingine." Kuna mbili zinazovipunguza, na madaktari waliopo na wasiopo hapa nchini nimewapa matokeo bure, mabaya na mazuri, yafuatiliwe. Huo ndio urefu wa kamba yangu kwa sasa. Na mahali popote seli zile zinapokwenda, familia inaambiwa kwanza na inaulizwa. Kuna mara moja walikataa, hazikwenda.

Nashukuru. Namshukuru jirani yangu wa ndizi, ambaye siku hizi anaingia bila kubisha hodi na kunikaripia kwa kutokula. Namshukuru mama wa mtoto, aliyeninyanyua kwa simu wakati yeye ndiye mwenye msiba. Bibi yumo humu ndani. Ameniambia nikimtaja jina atatoka nje, basi simtaji. Aika, mae, asante mama. Nashukuru vijana wa usharika huu wanaokwenda kuchangia damu. Upweke haujaisha, sitawapaka mafuta. Krismasi seli bado zinataka kula. Lakini Krismasi iliyopita niliagizwa na bibi nizilishe mapema nipande, na nilipanda.

Funzo langu ni dogo. Mimi nilidhani kwa kuwa sipasui panya basi mikono yangu ni safi. Sikumtesa mnyama hata mmoja, nikamtesa bibi wa watu, kwa sentensi mbili tu, nimesimama mlangoni kwangu. Kwa hiyo wewe unayemwomba mzazi kitu cha mtoto wake, mwambie yote kabla hajashika kalamu. Hasa lile ambalo likikutoka mdomoni anaweza kukataa.

Na sasa nawaambia ninyi, kwa sababu baadhi yenu watoto wenu wako wodini leo, na mwenyekiti anajua nimekuja pia kwa sababu hiyo. Tukitoka hapa nitakaa kwenye benchi pale nje. Nitakuomba kipande cha uvimbe wa mwanao. Nitakuambia kwamba kipande kile kinaweza kuishi baada ya mtoto, kwamba kitakula damu ya watu, na kwamba huenda mwanao hatafaidika nacho kabisa. Uliza unachotaka, uje na bibi, uje na ukoo. Mwezi uliopita mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho akasema hapana. Ule ulikuwa uvimbe ambao sijawahi kuupata, na mwanawe ameshazikwa nao. Nilisema asante mama, nikabeba chupa zangu tupu nikarudi Soweto, nikalia njia nzima. Ukisema hapana leo, nitafanya vile vile.